Msimu Kwanza, Jina la Hifadhi Baadaye: Jibu kwa Mwanafunzi Anayetafuta Mafunzo kwa Vitendo

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwanafunzi wa kike, mwaka wa pili, nasoma shahada ya uhifadhi wa wanyamapori, na ninaishi Mbagala na wazazi wangu. Mwezi wa saba tunatakiwa kwenda fildi kwa wiki nane. Nimeomba nafasi Serengeti na Ngorongoro lakini hadi sasa sijajibiwa. Mwenzangu amenitumia tangazo la mafunzo ya msimu katika hifadhi za wanyamapori za Marekani, ambako wanatoa malazi na posho. Je, niendelee kusubiri Serengeti, nijaribu Marekani, au nitafute kwingine? Na je, mafunzo haya humsaidia mtu kupata kazi kweli? Mama yangu naye ana hofu kuniachia niende porini.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo kadhaa kwa pamoja, na nitayajibu yote, lakini nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu majibu ya hayo mengine yanalitegemea.

Wanafunzi wengi huanza kutafuta nafasi kwa kuchagua jina la hifadhi. Mimi nakuomba uanze na msimu. Jiulize: katika wiki nane nitakazokuwa huko, ni kazi gani hasa itakuwa inafanyika, na ni nani atakayenisimamia nikiifanya? Hifadhi haiishi maisha ya namna moja mwaka mzima. Kazi ya Julai si kazi ya Februari, na mwanafunzi anayefika mahali penye jina kubwa wakati ambapo hakuna kazi ya kumpa hurudi nyumbani na picha nyingi na ujuzi mdogo, ilhali mwenzake aliyekwenda pori dogo lisilojulikana, akakuta kazi yenye kuhitaji mikono, hurudi akiwa anajua kufanya jambo fulani tangu mwanzo hadi mwisho.

Vyuo vyetu vingi hufunga mwaka wa masomo katikati ya mwaka, kwa hiyo wanafunzi karibu wote humiminika katika hifadhi kati ya Julai na Oktoba, yaani katika kiangazi. Hilo lina uzuri wake. Masika yamekwisha, barabara zinapitika, na ule udongo mweusi wa mabondeni, ambao wakati wa mvua hunasa hata magari yenye nguvu, umekauka. Nyasi zimelala, miti mingi ya miombo imepukutisha majani, na wanyama wamejikusanya kwenye mito na mabwawa machache yaliyobaki na maji. Ndiyo maana kazi nyingi za kuhesabu wanyama, ziwe za ndege au za ardhini, hupangwa wakati huu: mnyama anaonekana.

Kazi ya kuhesabu usiidharau kwa sababu inaonekana rahisi. Ilikuwa ni sensa, wala si hisia za mtu yeyote, iliyoionesha nchi hii kwamba tembo wake walikuwa wamepungua kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Askari waliokuwa doria walijua kwamba mizoga inaongezeka, na wanavijiji walijua, lakini ni hesabu iliyofanywa kwa utaratibu uleule mwaka hadi mwaka ndiyo iliyowezesha jambo hilo kusemwa mezani pasipo mtu kulibisha. Mwanafunzi anayejifunza kutembea katika mstari wa kuhesabia, kukadiria umbali wa mnyama kutoka kwenye mstari huo, kuandika muda na uoto na idadi bila kubahatisha, na kuandika sifuri pale ambapo hakuona kitu, amejifunza msingi wa taaluma yetu. Hiyo sifuri naisisitiza. Vijana wengi huiona kama aibu, wakaacha nafasi wazi kwenye fomu, na baadaye hakuna awezaye kujua kama mahali hapo palikaguliwa au hapakukaguliwa.

Kiangazi pia ni msimu wa moto. Katika hifadhi nyingi zenye nyasi na miombo, wahifadhi huchoma maeneo yaliyochaguliwa mapema, kwenye Juni na Julai, nyasi zikiwa bado na unyevunyevu, ili moto uende polepole na uache mabaka yasiyoungua. Yasipochomwa mapema, moto wa Septemba na Oktoba, unaowashwa na wawindaji haramu, warina asali au wasafiri wazembe, hukuta nyasi kavu kabisa na kuunguza hadi miche na miti yenye viota. Ukifika mwezi wa saba unaweza kukuta kazi ya kupima maeneo yaliyoungua, kuyachora kwenye ramani kwa kutumia GPS, kifaa kinachokuonesha mahali ulipo, na programu ya kuchorea ramani iitwayo QGIS, na kuyalinganisha na ya miaka iliyotangulia. Programu hiyo haina malipo, na ningekushauri uanze kuijifunza sasa hivi ukiwa Mbagala, kwa sababu vituo vingi vina data za kutosha lakini havina mtu mwenye muda wa kukaa nazo.

Kazi ya tatu ya msimu huu iko nje ya mipaka ya hifadhi, vijijini, na kwa maoni yangu ndiyo inayofundisha zaidi kuliko zote. Mazao yanapokomaa na kuvunwa, tembo huingia mashambani. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa kwa sababu ya wanyama wakali na waharibifu, na utaratibu huo unahitaji mtu afike shambani, apime eneo lililoharibiwa, aandike aina ya zao na hatua liliyofikia, kisha ajaze fomu. Ukimfuata ofisa wa wanyamapori wa wilaya katika kazi hiyo kwa wiki mbili tu, ukamsikiliza mama aliyekesha akipiga debe kuwafukuza tembo na asubuhi akakuta robo ya shamba lake imelala chini, utaelewa kwa nini mtu anaweza kuuchukia uhifadhi bila kuwa mtu mbaya, na utaelewa pia kwa nini uzio wa kamba zenye pilipili au mizinga ya nyuki hufanikiwa kijiji kimoja na kushindwa kijiji cha pili ambako hakuna aliyepangwa kuutunza.

Sasa tuje Serengeti na Ngorongoro. Sisemi kwamba usiende huko ukiitwa. Ila fahamu kwamba maombi yanayofika huko ni mengi kuliko vitanda, magari na wasimamizi waliopo, na kwamba tukio ambalo huenda ndilo linalokuvuta, yaani nyumbu kuzaa kwa wingi katika nyanda za Ndutu, upande wa kusini, hutokea kati ya Januari na Machi, wakati wewe uko darasani. Mwezi wa saba na wa nane nyumbu wako kaskazini, kwenye mto Mara, na huo ndio msimu wa watalii wengi, ambapo watumishi wana kazi nyingi na muda mchache wa kumkalisha mwanafunzi na kumwelekeza. Pia hakikisha barua yako imekwenda mahali panapostahili. Maombi ya hifadhi za taifa huelekezwa kwa Kamishna wa Uhifadhi, makao makuu ya TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa, Arusha, yakiambatana na barua ya utambulisho ya chuo; barua iliyotumwa moja kwa moja kwenye lango la hifadhi, au kwa namba ya simu ya mtumishi mnayefahamiana, inaweza kukaa miezi mingi bila kusajiliwa popote. Ngorongoro ina mamlaka yake na haiko chini ya TANAPA, na mapori ya akiba yako chini ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, ambayo makao yake makuu yako Morogoro. Ukikosea hapo umekwisha kupoteza wiki kadhaa.

Wewe unakaa Mbagala, na naona hujatazama karibu yako. Barabara ya Kilwa inayopita kwenu ndiyo iendayo Kibiti, na kutoka Kibiti njia hukata kuelekea Mloka na lango la Mtemere, ambalo ni mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 2019 kwa kumegwa kutoka Pori la Akiba la Selous, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 30,893. Katika eneo kubwa kiasi hicho kazi haziishi. Vijiji vinavyoizunguka upande wa Rufiji vinaishi na tembo, viboko na mamba kila siku, na kazi ya migongano kati ya watu na wanyama niliyoieleza hapo juu utaikuta huko bila kuitafuta.

Mikumi iko takriban kilomita 280 kutoka Dar es Salaam, unafika kwa basi kutoka stendi ya Magufuli bila kuhitaji gari la mtu. Ilianzishwa mwaka 1964, na ina jambo ambalo hifadhi nyingi hazina: barabara kuu iendayo Zambia inaikata kwa takriban kilomita 50. Pundamilia, swala, nyani, fisi, hata wanyama wakubwa zaidi hugongwa pale na malori na mabasi, licha ya matuta na vibao vya kupunguza mwendo. Kama ningekuwa mwanafunzi leo, ningeomba Mikumi na ningeomba kazi hiyo moja: kupita barabara hiyo kila siku alfajiri pamoja na watumishi, kabla fisi na tai hawajaondoa mizoga, na kuandika ni mnyama gani, dume au jike, mkubwa au mdogo, amegongwa kilomita ya ngapi na uoto wa pembeni ukoje. Wiki nane za kumbukumbu za namna hiyo zinaweza kuonesha ni sehemu zipi ambapo wanyama huvuka zaidi, na mhifadhi anaweza kuzitumia kuomba tuta au kibao kihamishwe. Data ya mwanafunzi inayotumika kuamua jambo, hata dogo, ni bora kuliko ripoti ya kurasa sabini inayokaa kabatini.

Saadani, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, inafaa kwa anayependa mahali ambapo nyika inakutana na bahari. Kasa hutaga katika ufukwe wake wa Madete. Nayo Pande, je? Hili ni pori la akiba lililoko ndani ya mkoa wenyewe wa Dar es Salaam, lenye ukubwa wa kilomita za mraba takriban 12 tu, chini ya TAWA, na wakazi wengi wa jiji hawajui kwamba lipo. Ni mabaki ya msitu wa pwani, kama ilivyo misitu ya Pugu na Kazimzumbwi inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, na ndani yake anaishi komba mdogo wa Rondo, mnyama wa usiku anayepatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania na kwingineko duniani hayupo. Mtu anaweza kwenda Serengeti kumwona simba ambaye yupo pia Botswana na Kenya, na asijue kwamba kilomita chache kutoka kituo cha daladala kuna kiumbe ambaye akitoweka hapa kwetu ametoweka duniani. Jambo hili linaniuma, nakuambia wazi. Pori dogo lililozungukwa na viwanja vya nyumba lina matatizo ambayo ndiyo yatakayokuwa matatizo ya mapori mengi katika maisha yako ya kazi: mipaka, kuni, mkaa, mbwa, takataka na moto. Huko unaweza kujifunza kufuatilia mipaka, kutega kamera zinazopiga picha zenyewe mnyama anapopita, na kuhesabu komba usiku kwa kusikiliza milio yao.

Kwa upande wa bahari, visiwa vya Bongoyo na Mbudya ambavyo watu wa jiji huvijua kwa ajili ya kuogelea na kula samaki ni maeneo tengefu ya bahari yaliyotangazwa mwaka 1975, na ofisi inayosimamia hifadhi za bahari iko hapahapa Dar es Salaam. Mafia pana hifadhi ya bahari tangu 1995, lakini papa potwe huonekana huko zaidi kati ya Oktoba na Machi, kwa hiyo mwanafunzi wa Julai asiende akitegemea kuwakuta. Atakachokikuta ni vifaranga vya kasa, ambao huanguliwa kisiwani Juani hadi kwenye Septemba hivi.

Yale ambayo msimu wa chuo unakunyima, unaweza kuyapata kwa kujitolea mwishoni mwa wiki. Kila Januari, katika nchi nyingi duniani, hufanyika hesabu ya ndege wa majini, na ndege waliohama kutoka Ulaya na Asia huwa wamejaa kwenye matope ya mikoko na mashamba ya chumvi ya pwani yetu kuanzia Septemba hadi Aprili. Ukiwa na darubini ya kuazima na kitabu cha kutambulia ndege, Kunduchi ni darasa tosha. Kigamboni kuna fukwe ambako kasa hutaga, na shirika la Sea Sense limefanya kazi kwa miaka mingi na wanavijiji wa pwani katika kulinda viota hivyo. Kujitolea kwa namna hii huingia kwenye wasifu wako sawasawa na fildi, na msimamizi anayesoma barua yako huona kwamba hukusubiri kulazimishwa na chuo.

Kuhusu barua yenyewe, nimesoma barua nyingi za wanafunzi, na nyingi husema maneno yaleyale: naomba nafasi ya kufanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi yako, nitashukuru kwa kukubaliwa. Msomaji wa barua hiyo hajui akupeleke idara gani. Andika tarehe utakazokuwepo, andika kazi moja au mbili unazotaka kuzifanya na kwa nini zinafaa msimu huo, andika unachokijua tayari (QGIS, kutambua ndege, kuendesha pikipiki, kuogelea, kuzungumza na wanakijiji kwa lugha yao), na useme wazi kwamba utajitegemea kwa chakula na usafiri kama ndivyo ilivyo. Ukurasa mmoja unatosha. Peleka sehemu tatu au nne kwa wakati mmoja, kisha baada ya wiki mbili piga simu ofisini, kwa heshima, uulize kama barua imesajiliwa na iko kwa nani. Ofisi za umma hazikasirishwi na swali hilo.

Ukikubaliwa, uliza mapema kuhusu fedha. Usitegemee posho. Bodi ya Mikopo ina fungu la mafunzo kwa vitendo kwa wanufaika wake, na wasio na mkopo hutegemea familia. Ndiyo sababu nyingine ninayokushauri utazame karibu kwanza. Kama ofisi ina ada yoyote iliyowekwa rasmi, utapewa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali na utalipa benki au kwa simu, ukapata risiti. Mtu yeyote anayekutumia ujumbe kwamba ana nafasi Serengeti au Ngorongoro na anataka umtumie fedha kwenye namba yake binafsi ili akushikie, huyo ni tapeli, hata akiwa na picha amevaa sare.

Jambo moja husahauliwa sana. Kama unakusudia kukusanya data kwa ajili ya utafiti wako wa mwaka wa tatu, mafunzo kwa vitendo na utafiti havina kibali kimoja. Utafiti wa wanyamapori nchini huratibiwa na TAWIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, iliyoanzishwa mwaka 1980, na unapaswa kuwauliza wewe na msimamizi wako wa chuo, kabla ya kuondoka, ni kibali gani kinachohitajika. Usije ukakusanya kumbukumbu nzuri kwa wiki nane kisha ukashindwa kuzitumia kwa sababu ya karatasi moja.

Kwenye daftari la mafunzo usiandike kwamba leo tulikwenda doria, jana tulipokea wageni. Andika ulichokiona, ulichokipima, ulichokiuliza na jibu ulilopewa. Na kuna mambo ambayo hayaandikwi mahali popote panapoonwa na watu wengi: mahali walipo faru, njia na ratiba za doria, mahali kamera zilipotegwa, viota vya ndege wanaotafutwa na wafanyabiashara. Picha ya simu hubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Usiipandishe mtandaoni ukiwa bado huko, na ya faru usiipandishe kabisa. Mwanafunzi anayelielewa hili bila kuambiwa mara mbili huaminiwa haraka na watumishi.

Sasa Marekani. Tangazo ulilotumiwa lina ukweli ndani yake. Nchi hiyo ina mtandao wa hifadhi za wanyamapori zaidi ya 560, chini ya idara inayoitwa U.S. Fish and Wildlife Service, na ya kwanza ilitangazwa mwaka 1903 na Rais Theodore Roosevelt katika kisiwa cha Pelican huko Florida, ili kuwalinda mwari na ndege wengine waliokuwa wakiuawa kwa ajili ya manyoya ya kupambia kofia. Hifadhi hizo huchukua vijana kwa msimu, wengi katika miezi yao ya joto, na mara nyingi huwapa malazi na posho ndogo. Ila kazi zinazotolewa moja kwa moja na serikali yao kwa kawaida ni za raia wao, na nafasi zinazopitia mashirika washirika, kama Student Conservation Association iliyoanza mwaka 1957, nyingi nazo huwataka raia au wakazi wa kudumu. Mgeni anahitaji viza ya mafunzo aina ya J-1, ambayo ni lazima idhaminiwe na taasisi iliyoruhusiwa, na posho ya hifadhi haitakulipia nauli ya ndege. Kwa mwezi wa saba wa mwaka huu, mwanangu, muda hautoshi. Lifikirie baada ya shahada, ukiwa na kazi uliyokwisha kuifanya hapa ambayo unaweza kuieleza.

Hata hivyo usilitupe tangazo hilo. Lisome tena na utazame jinsi lilivyoandikwa. Matangazo ya namna hiyo hutaja kazi: kuhesabu viota vya ndege fulani, kuwavisha ndege pete za miguu, kung'oa magugu vamizi kabla hayajatoa mbegu. Katika visiwa vya Midway, katika bahari ya Pasifiki, watu wa kujitolea huenda Desemba kuhesabu viota vya ndege wa bahari, si kwa sababu Desemba ni nzuri kwa wageni, bali ndio mwezi ambao ndege wamelalia mayai. Msimu umetajwa kwa sababu kazi ina msimu. Ngorongoro nako gugu karoti linapaswa kung'olewa kabla ya kutoa maua, na anayekwenda baada ya hapo atasaidia kulisambaza kwa viatu vyake. Chukua mtindo huo wa tangazo, ugeuze kuwa barua yako: kazi hii, muda huu, kwa sababu hii.

Umeuliza kama mafunzo haya humpatia mtu ajira. Kwa njia ya moja kwa moja, mara chache. Ajira za serikali katika uhifadhi hutangazwa na kushindaniwa, na tangu uhifadhi ulipowekwa katika mfumo wa kijeshi, wanaoajiriwa hupitia pia mafunzo ya ukakamavu, kwa hiyo anza kukimbia asubuhi. Lakini katika usaili, anayeulizwa namna ya kukadiria idadi ya swala katika eneo fulani na akajibu kwa yale aliyoyafanya kwa miguu yake hujulikana ndani ya dakika mbili. Zaidi ya hapo, jumuiya za hifadhi za wanyamapori za vijiji, mashirika yasiyo ya kiserikali na miradi ya utafiti mara nyingi humchukua mtu ambaye msimamizi fulani amemtaja kwa jina. Ukimaliza shahada bila kupata kazi, kuna pia mpango wa mafunzo ya uzoefu wa kazi kwa wahitimu unaoratibiwa na Wakala wa Huduma za Ajira, na ni halali kabisa kuomba upelekwe taasisi ya uhifadhi.

Limebaki la mama yako, na sitaki ulichukulie kuwa ni hofu ya mtu asiyejua. Porini kuna hatari za kweli. Mwambie ukweli wa hatari hizo na jinsi zinavyokabiliwa: mwanafunzi hatembei peke yake nje ya kambi, haendi kwenye doria za kukabili majangili, na hatoki usiku bila askari mwenye silaha. Malaria ipo, kwa hiyo utachukua chandarua na kadi ya bima ya afya. Mbung'o wako Mikumi na Nyerere, na huvutwa na nguo za bluu na nyeusi. Vaa za rangi ya udongo au ya majani makavu, mikono mirefu, lakini usinunue nguo zenye madoa ya kijeshi hata kama zinauzwa kwenye mitumba, maana sheria inamkataza raia kuzivaa. Buti za kufunika kifundo cha mguu ni kinga nzuri dhidi ya nyoka kuliko dawa yoyote utakayouziwa.

Kisha kuna lile ambalo mama huenda analifikiria na hakulisema, yaani usalama wako kama binti katika kambi ambayo wengi ni wanaume. Kabla ya kukubali nafasi, uliza kwa maandishi utalala wapi, kama chumba kina kitasa, kama kuna mtumishi wa kike kituoni, na ni nani chuoni utakayempigia simu ukipata shida yoyote, mchana au usiku. Msimamizi mwema hatakasirishwa na maswali hayo; mimi nilikuwa nikiwaheshimu zaidi waliouliza. Ukijibiwa kwa dhihaka, au usipojibiwa kabisa, kataa nafasi hiyo hata ikiwa ni Serengeti. Mpe mama jina la kituo, namba ya ofisi, namba ya mwalimu wako na siku ambazo mtandao hupatikana, ili simu yako isipopatikana kwa siku mbili ajue pa kuuliza. Na kama bado moyo wake ni mzito, anza na Pande mwaka huu: utatoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni, isipokuwa zile siku chache za kuhesabu komba, ambazo ofisi inaweza kuzipanga pamoja na usafiri wa kukurudisha.